Konekta ya Chumba cha Kumi na Mbili

Paneli yenyewe, bati la kushikilia konekta za nyaya za dishi, niliikata kutoka kwenye mlango wa friji bovu. Watu hudhani bati lolote linafaa. Bati la kuezekea ni jembamba mno. Ukikaza nati linajikunja, na baada ya mwezi konekta inacheza kama jino la mtoto. Bati la mlango wa friji lina unene wa kutosha, limepakwa rangi, na halishiki kutu upesi. Nilikata upana wa sentimita arobaini na kimo cha ishirini, nikasugua kingo kwa tupa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzika, kisha nikapiga mistari kwa penseli: safu mbili, matundu sita juu na sita chini, kila tundu milimita kumi. Kati ya tundu na tundu niliacha sentimita sita, kwa sababu vidole vya fundi navyo vinahitaji nafasi, jambo ambalo mafundi wengi hulikumbuka wakiwa wameshatoboa.

Ilikuwa Nyamongo, katika nyumba ya wageni ya shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Nyumba ina vyumba kumi na viwili, sita kila upande wa korido ndefu. Alivijenga kimoja kimoja kwa miaka mingi huku akiuza chai na chapati kwa watu wa mgodini, na ukitembea kwenye korido hiyo kutoka mlango wa mbele kwenda uani unaisoma safari yake ukutani. Matofali ya chumba cha kwanza yamepinda kidogo, ya cha saba yamenyooka, na ukifika cha kumi na mbili unakuta hata lipu ya kung'aa.

Mimi si fundi wa darasani. Nilimaliza darasa la saba Gorong'a, nikachunga ng'ombe wa baba, kisha nikawa mlinzi wa mchana wa duka la vifaa vya umeme mjini Tarime. Mlinzi wa mchana ana saa nyingi na kiti. Nikaanza kusoma zile karatasi zinazokuja ndani ya maboksi, ambazo mteja huzitupa kabla hajafika barabarani. Nilizisoma kwa kamusi, neno kwa neno, na kila nililolielewa nikaliandika kwenye daftari la mraba. Daftari ninalotumia sasa ni la kumi na tisa. Nayataja haya ili ieleweke kwa nini kazi ya siku mbili mimi huifanya kwa siku nne, na kwa nini shemeji aliniita mimi hata hivyo.

Waya wa dishi si kama waya wa taa. Ukiukata na kuutazama kichwani unaona duara ndani ya duara, kama kitunguu. Katikati kuna uzi mmoja wa shaba, mgumu. Umezungukwa na plastiki nyeupe. Juu ya plastiki kuna karatasi ya kung'aa, juu ya karatasi kuna wavu wa nyuzi nyembamba, na mwisho kuna ganda jeusi la nje. Picha husafiri kwa ushirikiano wa uzi wa kati na ule wavu, na sheria ni moja tu: visigusane. Uzi mmoja wa wavu, mwembamba kuliko unywele, ukilala juu ya ile shaba, chumba hakioni kitu.

Kwa hiyo nina utaratibu ambao siuvunji. Namenya ganda la nje bila kugusa wavu. Naukunja wavu kurudi nyuma, uzi kwa uzi. Namenya plastiki nyeupe, naacha shaba milimita nane, naipitisha kwenye mwanga kuangalia kama imekwaruzwa. Naingiza konekta, nabana kwa koleo, halafu navuta kwa nguvu ya mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Isipotoka, nafunga kwenye paneli na kubandika kikaratasi: namba ya chumba, na jina la aliyefunga. Hilo la jina nalo nilijifunza dukani. Kitu kikiharibika, kila mtu husema si yeye.

Konekta ninazotumia ni hizo za kubana kwa koleo. Zipo nyingine za kuzungusha kwa mkono, na karatasi za kwenye maboksi zinazidharau waziwazi. Hizo huwa nazo chache mfukoni, kama mtu anavyokuwa na mwavuli wa kuazima: kwa dharura, na kwa aibu kidogo.

Haraka yote ilitoka kwa mtu mmoja. Alikuwa msimamizi wa kikosi cha mafundi wa mitambo, watu kumi na wawili waliokuwa wanakuja kufanya kazi mgodini mwaka mzima, naye alitafuta pa kuwalaza. Masharti yake yalikuwa mawili. Wote wakae chini ya paa moja, na kila chumba kiwe na runinga inayoonyesha mpira.

"Kumi na moja sitaki," alimwambia shemeji kwenye simu, sauti ikisikika mpaka nilipokuwa. "Nikimweka mmoja kwenye chumba kisicho na mpira, malalamiko yake nitayasikiliza mpaka mkataba uishe."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba nyingine ya wageni, mpya, yenye vyumba kumi na vinne. Vyumba vya shemeji vilikuwa vimelala vitupu tangu masika. Akiwapata hawa, nyumba inasimama. Akiwakosa, anafunga milango na kurudi kwenye chapati. Alinieleza hivyo hivyo, bila kulia wala kucheka, huku akikunja shuka. Msimamizi angekuja kukagua Jumamosi saa kumi jioni.

Alhamisi, nikiwa nimeshamaliza vyumba kumi na kimoja, akafika mama mkwe wangu.

Alikuwa ameteleza Gorong'a akitoka kisimani, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga plasta ngumu ya POP kutoka pajani mpaka kwenye vidole, na muuguzi, dada mmoja wa Ruvuma aliyepangiwa kazi huku, akaagiza alazwe karibu na asitikiswe mpaka Jumatatu watakapomtazama tena. Nyumba anamoishi shemeji ina ngazi za mawe. Chumba cha kumi na mbili hakina ngazi, na kiko karibu na choo. Basi akawekwa humo, pamoja na kuku mwekundu aliyekuja naye kwapani. Kuku alikuwa zawadi kwa binti yake, shemeji. Kwa kuwa binti hakuwa na nafasi ya kumchinja, alifungwa kamba kwenye mguu wa kitanda.

Mgeni atauliza: si ungeingia tu, ukafunga konekta moja, ukatoka? Kwetu Wakurya mkwe haingii anakolala mama mkwe. Hamli pamoja, hampishani mlangoni, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja huingia vichakani akajifanya anatafuta dawa ya ng'ombe. Vijana wa sasa wanalegeza. Sirari nimemwona mmoja akipiga picha ya simu na mama mkwe wake, bega kwa bega, na mbingu hazikuanguka. Lakini mimi nililelewa hivyo, na mama mkwe wangu zaidi. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yangu hatukuwahi kusemezana neno hata moja ana kwa ana, na tulikuwa tunapendana sana. Maneno yetu yalipitia kwa mke wangu, ambaye wiki hiyo alikuwa Machochwe akivuna mahindi yetu kabla tembo hawajayavuna.

Sasa, paneli niliifunga mwisho wa korido, kwa sababu dishi lilikuwa uani na sikutaka waya mrefu. Maana yake ni kwamba ilikuwa ukutani pembeni kabisa ya mlango wa chumba cha kumi na mbili. Kutoka pua yangu hadi mto wa mama mkwe hapakuzidi mita mbili na nusu, na katikati palikuwa na pazia la maua.

Kazi ya upande wangu, kwenye paneli, niliimaliza. Iliyobaki ni ncha ya ndani, ile inayoingia kwenye runinga, na kwa bahati waya wake ulishukia karibu na kichwa cha kitanda. Koleo la kubana linahitaji mazoezi. Nikatoa ile ya dharura, ya kuzungusha kwa mkono, nikampa shemeji pamoja na maelekezo. Nilimweleza hatua zote, na mwisho nikasisitiza: "Hakikisha hakuna uzi unaochomoza. Hata mmoja."

Akaingia nayo. Baada ya robo saa akatoka akinyonya kidole.

"Tayari," akasema.

Jumamosi saa sita niliwasha vyote. Chumba cha kwanza, picha safi. Cha pili, safi. Hivyo hivyo mpaka cha kumi na moja, na kila kimoja nikakiwekea alama ya vema kwenye daftari. Nikamwomba shemeji awashe cha kumi na mbili. Nikasikia sauti ya mvua kubwa ikinyesha ndani ya chumba.

"Chenga," akasema kutoka ndani. "Chenga tupu, shemeji."

Sikushtuka. Kuna utaratibu wa hilo pia. Nilifungua waya wa chumba hicho kwenye paneli, nikamwomba achomoe ncha ya kule kwenye runinga na kuiacha ining'inie, kisha nikagusisha mita yangu ya umeme, ncha moja kwenye shaba ya kati na nyingine kwenye chuma cha konekta. Mita ikalia. Ikilia, maana yake mahali fulani uzi wa kati na wavu vimegusana. Upande wangu nilikuwa na hakika nao.

"Shemeji, ile ya ndani ulifunga wewe?"

"Mimi nilikata, nikajikata. Mama akaninyang'anya."

"Nani?"

"Mama. Akasema hata kamba ya ndama sikuwahi kuiweza, nilete. Amefunga vizuri kweli, shemeji. Hakuna uzi unaochomoza."

Hapo nikaelewa, nikaona na kosa langu. Mama mkwe wangu ni msokotaji wa kamba za katani. Kuna wachungaji wanaotoka mbali kuja Gorong'a kumtafuta, kwa sababu kamba yake haifumuki hata ikivutwa na dume la miaka mitano. Kwa mtu kama huyo, uzi uliobaki nje ya wenzake ni fedheha. Umepewa waya wenye nyuzi nyingi, umeambiwa pasichomoze hata mmoja, utafanya nini? Alikuwa amezikusanya zote, za wavu pamoja na ule uzi wa kati, akazisokota kuwa kamba moja nzuri iliyokaza, akaisukuma ndani ya konekta. Maelekezo yangu aliyafuata kikamilifu. Yalikuwa maelekezo mabovu.

"Mwambie mama," nilimwambia shemeji, "kosa ni langu. Ila itabidi ikatwe, ifungwe upya."

Shemeji hakuhitaji kupeleka. Sauti ilivuka pazia yenyewe.

"Mwambie fundi nimesikia. Mwambie kazi yangu haijawahi kukatwa."

"Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama kwamba kamba ni nzuri. Runinga ndiyo haitaki kamba."

"Mwambie fundi aliiomba kamba mwenyewe."

Shemeji alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, akigeuza shingo kama mtu anayetazama mpira wa meza. "Nimwite kijana mmoja wa bodaboda aje aifunge?" akauliza. "Wako kumi hapo nje."

"Bodaboda aingie humu, mguu wangu uko juu kama mti wa antena?" ikasema sauti. "Akawatazame abiria wake. Leta wembe. Nitakata mwenyewe."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Nilikuwa nimepanga: dakika ishirini za kukata na kufunga, kumi za kupima, halafu saa moja na nusu ya akiba kabla msimamizi hajafika. Shemeji alimpa mama wembe na konekta nyingine ya kuzungusha. Nikaanza kueleza hatua ya kwanza. Ndipo tukasikia gari likisimama mbele ya nyumba, mlango ukafungwa, na sauti ileile ya kwenye simu ikaita hodi.

Shemeji alinitazama. Sijawahi kumwona amebadilika rangi hivyo, hata siku ya msiba wa mumewe.

"Amewahi kwa saa mbili nzima."

"Anza naye chumba cha kwanza," nikamwambia. "Nenda polepole. Mwonyeshe magodoro."

"Na nyie?"

"Sisi tutaendelea."

"Mtaendeleaje? Nani atasema na nani?"

Shemeji hakungoja jibu. Akajifunga kanga vizuri akaenda mbele, na mara nikamsikia akicheka kicheko cha kukaribisha wageni.

Upande mmoja wa pazia nilikuwa mimi na mita yangu. Upande wa pili alikuwa mama mkwe wangu na wembe. Kila mmoja alijua cha kusema na aliyepaswa kuambiwa, na hatukuwa na mtu wa kati. Nilisikia mlango wa chumba cha kwanza ukifunguliwa. Runinga ikawashwa, msimamizi akasema "safi", ikazimwa. Mlango wa cha pili.

Kuku akalia kidogo, kama anavyolia kuku anayejigeuza.

"Wewe kuku," sauti ikasema taratibu, "mbona fundi amenyamaza?"

Nikaweka mkono ukutani, nikasema, "Kuku, mwambie mama shikamoo."

"Kuku, mwambie fundi marahaba. Na mwambie nimeshakata kichwa. Nifanye nini?"

"Kuku, mwambie mama amenye ganda jeusi, urefu wa kucha ya kidole gumba. Asiguse nyuzi za ndani."

Nikasikia wembe ukizunguka. Ukasimama. Kumenya kule mimi hutumia kisu maalumu, na bado mara moja moja hukata nyuzi mbili tatu.

"Kuku, mwambie fundi limetoka zima. Naona nyuzi. Nazisokota."

"Asisokote!" Nilisema kwa sauti kubwa mno. Huko mbele mazungumzo yakakatika, kisha shemeji akaanza kueleza kwa haraka habari za neti za mbu. "Kuku," nikarudia, chini, "mwambie mama, tafadhali, asisokote."

"Kuku, mwambie fundi kamba isiyosokotwa ni majani."

"Mwambie hii si kamba."

"Muulize ni nini basi."

Mlango wa nne ulifunguliwa. Kichwani nilikuwa na maelezo yote niliyoyanakili kwenye madaftari kumi na tisa, ya mawimbi, ya ukinzani, ya kwa nini mzunguko wa nje huukinga ule wa ndani, na hakuna hata moja lililofaa kupelekwa na kuku. Nikautazama waya uliobaki mkononi mwangu, ile duara ndani ya duara. Nikalitazama pazia.

"Kuku, mwambie mama hiki ni kiwanja cha familia," nikasema. "Mji mmoja. Ule uzi wa katikati, mmoja, mgumu, ni mkwe. Hizo nyuzi nyingi za nje ni mama mkwe. Wanakaa mji mmoja. Wanatoka pamoja, wanafika pamoja, na bila mmoja wao kazi haifanyiki. Ile plastiki nyeupe kati yao ni ukuta. Na wakigusana..."

Sikumaliza. Nilidhani nimevuka mpaka. Kisha nikasikia kitanda kikilia chuma kwa chuma, na nikajua anacheka, kicheko cha mtu anayekizuia kwa sababu ya mguu.

"Kuku," akasema alipopata pumzi, "mwambie fundi angeanzia hapo tangu Alhamisi."

Baada ya hapo sikuwa na kazi kubwa. Nikasema mama mkwe arudishwe nyuma, akunjwe juu ya ganda jeusi kama mkono wa shati, asibaki mtu mbele. Akafanya, akaongeza mwenyewe kwamba karatasi ya kung'aa iliyochanika ameikata, "maana na hiyo inaonekana ni ndugu wa upande wa mama mkwe." Nikamwambia ukuta mweupe nao upunguzwe, mkwe abaki nje urefu wa punje mbili za mahindi.

"Kuku, muulize fundi: mahindi ya kwetu au ya dukani?"

"Ya kwetu."

"Basi ni marefu. Sawa."

Mlango wa nane. Nilimsikia msimamizi akibonyeza godoro na kuuliza kuhusu maji. Shemeji akamweleza habari za tangi kwa kirefu, lita zake, aliyelipandisha na jinsi lilivyopandishwa.

"Sasa aingize konekta, aizungushe kwenda kulia," nikasema. "Akaze mpaka atakapochungulia ndani na kuona ukuta mweupe umelingana na sakafu ya konekta."

Nilisikia pumzi yake tu. Mkono unaokaza kamba ya dume una nguvu ambayo mimi sina. Mlango wa tisa. Mlango wa kumi.

"Kuku, mwambie fundi umelingana. Na mkwe amesimama katikati, hajaegemea popote."

Nikagusisha mita. Haikulia. Nikazigusisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe kuhakikisha haijafa, ikalia. Nikarudi kwenye konekta. Kimya. Nimepima maelfu ya waya maishani, na sikumbuki kimya kingine kilichonifurahisha hivyo.

"Achomeke," nikasema, nikasahau kumtaja kuku. Nikaunga upande wangu kwenye paneli, zamu mbili za spana, na papo hapo ndani ya chumba watu elfu kadhaa wakapiga kelele uwanjani. Kuku akaruka mpaka kamba yake ilipomrudisha.

Mlango wa kumi na moja ukafungwa. Wakaja. Nilijua pazia litafunguliwa, kwa hiyo nikafanya kinachofanywa: nikaugeuzia mlango mgongo, nikakabili ukuta, pua yangu kwenye paneli, nikajishughulisha na nati ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Shikamoo mama," nikasikia msimamizi akisema.

"Marahaba. Umekuja kutazama runinga au mguu?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa Kahama, mnene wa sauti tu. Nilimsikia akisogea, akibadili chaneli, akirudisha kwenye mpira. "Hii ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote," akasema. Kisha: "Na huyu kuku naye ni mpangaji?"

"Huyo ni mkalimani wangu."

"Anatafsiri lugha gani?"

"Ya wakwe. Jumatatu tunatoka humu wote wawili, usihofu. Chumba kitakuwa kitupu."

Akatoka kwenye korido, na nikamsikia akisimama nyuma yangu. "Fundi, wewe mbona umesimama kama umepewa adhabu?"

"Pazia likishuka nitageuka," nikamjibu.

Shemeji akamweleza, kwa kunong'ona, na nikasikia yule mtu akipiga paja lake. Kwao, alisema, mambo hayo wazee waliyajua; yeye mama mkwe wake humpigia simu kila Jumapili kumgombeza. Kisha akasema wafanyakazi wake wataingia Jumatano, wote kumi na wawili, na kuuliza kama asubuhi kutakuwa na chapati.

"Zitakuwepo," akasema shemeji. Ilikuwa sauti ndogo. Alipokwisha kumsindikiza mpaka kwenye gari alirudi akakaa sakafuni, palepale kwenye korido, miguu ameinyoosha, akaegemea mlango wa chumba cha saba na kufunga macho.

Mimi nilibandika kikaratasi cha mwisho. Vile kumi na kimoja vina namba ya chumba na jina langu. Cha kumi na mbili nilikiandika: "12, nje mimi, ndani mama."

Jumatatu muuguzi alikuja na kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimesharudi kumalizia kufunika nyaya, na waliposukuma kiti kutoka chumbani nikageukia ukuta kama kawaida. Kiti kikasimama. Shemeji alikuwepo, muuguzi alikuwepo, na yeyote kati yao angeweza kupeleka maneno.

"Kuku," akasema mama mkwe wangu, "mwambie fundi karatasi nimesomewa. Ameandika vizuri."

"Kuku, mwambie mama asante."

Wakaenda. Kuku alibaki kwa shemeji, wala hakuchinjwa; shemeji alisema hawezi kumla mtu anayejua mambo ya familia kiasi hicho. Anazurura uani, na ametotoa mara mbili.

Kikosi kile kilimaliza mwaka wake kikaongeza mwingine. Mimi hupita kila baada ya miezi mitatu kukagua. Unyevu wa uani umeshaharibu konekta zangu nne, zile nzuri, za kubana kwa koleo. Nimezibadilisha na kuandika kwenye daftari chumba, sababu na siku. Ile ya kuzungusha kwa mkono, ndani ya chumba cha kumi na mbili, huwa naivuta kila nikija, kwa ile nguvu ya mbuzi wa mnadani. Haijatikisika. Karatasi za kwenye maboksi zinasema haiwezekani, na nimeandika hilo nalo.